Mwongozo kamili wa kutuliza hisia kali kwa mbinu za DBT

Kuna watu ambao hisia haziwajii polepole. Hasira, hofu au uchungu hupanda ghafla, kifua hujaa, na kabla hawajavuta pumzi mkono umeshatupa simu, mdomo umeshatukana, au miguu imeshatoka nje ya lango usiku wa manane. Kisha inafuata aibu, na aibu nayo ina balaa lake. Mwongozo huu ni wa watu hao na wa wale wanaoishi nao.

Nimeuandika nikiwafikiria wasemaji wa Kiswahili walioko Uganda: Wakongo wa Katwe na Nsambya mjini Kampala, na wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale na Kyangwali, wafanyabiashara wa Busia na Malaba, familia za askari kambini, watu wa Arua na Bombo. Mengi kuhusu tiba hii yameandikwa kwa Kiingereza, na mtu anayeteseka hawezi kujifunza kutulia kwa lugha anayoitumia kujaza fomu tu.

Tiba hii ni ipi

DBT (kifupi cha jina la Kiingereza, Dialectical Behavior Therapy) ni tiba ya mazungumzo na mazoezi iliyobuniwa na mwanasaikolojia Marsha Linehan katika Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, Marekani. Aliwahudumia wanawake waliokuwa wakijaribu kujiua mara kwa mara. Aliona kwamba mtu kama huyo ukimwambia tu "badilika", anasikia analaumiwa na hakanyagi tena kwako. Ukimwambia tu "pole, nakuelewa", anabaki na mateso yake palepale. Kwa hiyo aliyashika yote mawili kwa pamoja: hali yako ninaikubali kama ilivyo, na wakati huohuo tutafanya kazi ya kuibadilisha.

Utafiti wake wa kwanza wa kulinganisha tiba ulichapishwa 1991, na kitabu cha kuwaongoza watoa tiba kikatoka 1993. Mwaka 2011 Linehan alisema hadharani kwamba yeye mwenyewe, akiwa msichana, alilazwa hospitali ya akili kwa sababu ya kujiumiza. Hilo kwangu lina uzito: mbinu hizi zilitoka kwa mtu aliyekuwa ndani ya shimo. Utafiti mwingine wa timu yake, uliotolewa 2015, ulionyesha kwamba mafunzo ya stadi ni kiungo kikubwa cha tiba hii. Hizo stadi ndizo tutakazojifunza hapa.

Kwa nini wengine huwaka kuliko wengine

Linehan alieleza mambo matatu ya kuzaliwa nayo: mtu huguswa na jambo dogo, huguswa kwa nguvu, na huchelewa kurudi katika utulivu. La tatu ndilo watu wasilolielewa. Sigiri yenye mkaa mwingi ukiiondoa sufuria haipoi papo hapo, na ukiongeza kipande kimoja tu inawaka upya. Ndivyo ilivyo kwa mtu aliyegombana asubuhi, akadhani ameshasahau, kisha mchana akalipuka kwa sababu ya chenji ya shilingi mia tano.

Juu ya maumbile hayo huja mazingira yanayokanusha hisia. "Nyamaza, mwanamume halii." "Wenzako wamepoteza zaidi yako." "Hayo ni mapepo tu." Mtoto anayesikia hivyo kila siku hajifunzi kuitaja hisia yake wala kuituliza, anajifunza kwamba hatasikilizwa mpaka apige mayowe. Sisemi hivi kuwalaumu wazazi. Mzazi aliyevuka mpaka na watoto mgongoni, risasi zikilia nyuma yake, hakuwa na nafasi ya kumuuliza mtoto anajisikiaje. Lakini pengo hilo lilibaki, na linaweza kuzibwa ukubwani.

Ili tusizungumze hewani, tumfuate mama mmoja wa kufikirika: muuza vitenge anayeishi Nsambya, Kampala, mwenye watoto watatu na mume mwendesha boda boda. Jumamosi jioni anampigia mumewe simu mara tatu, haipokelewi. Mume anarudi saa nne usiku. Mama anamtukana mbele ya watoto, anaipiga simu yake mwenyewe ukutani inavunjika, kisha anajifungia chumbani akitamani afe.

Hatua ya 1: Weka kumbukumbu kabla ya kubadilisha chochote

Kila jioni, kwa wiki moja, andika mambo matatu: hisia iliyokuwa kali zaidi leo, ukali wake kuanzia 0 hadi 5, na ulichotamani kukifanya (kupiga, kunywa pombe, kujiumiza, kukimbia). Andika hata kama hukukifanya. Ukianza kujifunza stadi, ongeza safu ya nne: nimetumia stadi gani?

Taja hisia yenyewe, usiandike "nilijisikia vibaya". Ni hofu au ni wivu? Ni huzuni au ni hasira? Ni aibu au ni majuto? Kila moja inadai dawa yake, na ukikosea jina utakosea dawa. Asiyejua kuandika ajirekodi sauti kwenye simu, au afundishwe kuonyesha ukali kwa vidole vya mkono mmoja. Daftari lifichwe pasipofikiwa na watoto wala majirani.

Hatua ya 2: Hisia ikifika 4 au 5, anza na mwili

Hapa wengi hukosea kwa kujaribu kuwaza vizuri wakati mwili unachemka. Haiwezekani. Kwanza simama, maana yake usisogeze kiungo: mkono ubaki ulipo, mdomo ufungwe. Rudi hatua moja nyuma, au toka chumbani. Tazama kinachotokea ndani na nje yako. Ndipo uendelee, kwa kuchagua moja kati ya haya:

Maji baridi. Jaza beseni maji ya baridi kutoka mtungini au yenye vipande vya barafu vya duka la soda. Bana pumzi, inama, zamisha uso mpaka kwenye paji kwa sekunde 30 hivi. Mwili wa binadamu una tabia ya kupunguza mapigo ya moyo uso unapoingia kwenye maji baridi huku pumzi imebanwa, na ukali wa hisia hushuka nao. Penye shida ya maji, kitambaa kilicholowa kiwekwe juu ya macho na mashavu. Onyo: mwenye ugonjwa wa moyo, anayetumia dawa za kupunguza mapigo ya moyo, au anayejinyima chakula asifanye hivi bila kumuuliza mganga wa hospitali.

Kuchosha misuli. Ruka kamba, panda ngazi au kilima kwa kasi, fua mablanketi kwa nguvu, kwa dakika 10 hadi 20. Kampala haina upungufu wa vilima.

Pumzi ya polepole. Vuta ukihesabu mpaka nne, toa ukihesabu mpaka sita. Pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia. Dakika chache zinatosha, na unaweza kufanya hivyo ndani ya taksi iliyojaa bila mtu kujua.

Kukaza na kulegeza. Vuta pumzi ukikaza ngumi, mabega, tumbo kwa sekunde tano hivi, kisha toa pumzi ukilegeza.

Mbinu hizi hazitatui tatizo. Zinakuvusha dakika mbaya bila kuongeza tatizo la pili. Na lazima zifanyiwe mazoezi siku za utulivu, kwa sababu mwenye hasira ya kiwango cha 5 hakumbuki alichokisoma. Anakumbuka kilichozoewa na mwili.

Hatua ya 3: Fundisha akili kukaa mahali pamoja

Katika DBT husemwa kuna akili tatu. Akili ya hisia inasema "mwache leo leo". Akili ya hoja inasema "kodi italipwa na nani?" Akili ya busara inazisikiliza zote mbili na kujua la kufanya. Kila mtu anayo ya tatu, ila sauti yake ni ndogo, na huisikii ukiwa mbio.

Zoezi ni jepesi kulielezea na gumu kulifanya. Chukua kazi moja ya kila siku, tuseme kumenya matoke au kupanga vitenge. Kwa dakika tano fanya hiyo tu. Tazama rangi, hisi utomvu vidoleni, sikia kisu. Wazo likija ("mwenye nyumba atakuja kesho"), litambue, "hilo ni wazo", kisha rudi kwenye ndizi. Utarudi mara nyingi. Kurudi huko ndiko zoezi lenyewe.

Waislamu na walokole kadhaa huuliza kama haya ni ibada ya kigeni. Jibu la kweli ni kwamba Linehan alijifunza kwa walimu wa Zen (mapokeo ya kutafakari ya Kibudha) na pia kwa mapokeo ya sala ya kimya ya Kikristo, lakini stadi aliyoiacha ni ya kuelekeza mazingatio tu. Haina maneno ya kutamka wala wa kumwomba. Anayejua maana ya kuswali kwa unyenyekevu, akili ikiwa haiko sokoni, anaijua tayari nusu yake.

Hatua ya 4: Fungua mnyororo

Hii ndiyo hatua ninayoithamini kuliko zote, na ndiyo inayorukwa zaidi kwa sababu inauma. Ukimuuliza yule mama ilikuwaje, atajibu "alinikasirisha", basi. Kumbe kati ya simu kutopokelewa na simu kuvunjika kuna pete nyingi. Siku ya pili, akiwa ametulia, akae na mtu anayemwamini azitaje moja moja.

Siku ilianzaje? Mtoto mdogo alikuwa na homa, usiku hakulala. Tangu chai ya asubuhi hakutia kitu mdomoni. Saa nane mteja aliyekopa kitenge alikana deni mbele za watu. Tayari alikuwa dhaifu kabla mume hajaingia kwenye habari hii.

Kilichowasha moto ni nini hasa? Simu ya tatu kukosa jibu, kama saa moja na nusu jioni. Hapo likaja wazo: "Yuko kwa mwanamke mwingine." Likaja na picha kamili. Mwili ukafuata: uso wa moto, mikono kutetemeka. Na hisia ya kwanza, akichunguza kwa makini, haikuwa hasira. Ilikuwa hofu ya kuachwa peke yake na watoto watatu katika mji usio wa kwao. Hasira ilikuja juu ya hofu hiyo, kwa sababu hasira inampa mtu nguvu na hofu inamwacha mtupu.

Kisha kitendo, na baada yake matokeo. Hapa pawepo ukweli wote. Alipovunja simu alipata nafuu ya dakika chache, na mume, aliyekuwa amenuna, alikuja kumbembeleza mlangoni. Nafuu hiyo na kubembelezwa huko ndiko kunakofanya tabia irudi, hata kama yeye mwenyewe hakupanga. Hasara ilikuja asubuhi: simu iliyovunjika ndiyo wateja walikuwa wakimtumia pesa, na mtoto wa kwanza sasa anajificha akisikia sauti imepanda.

Kila pete ni mahali pa kukatia. Angekula saa saba. Angemwambia jirani habari ya deni badala ya kulibeba kifuani mpaka jioni. Baada ya simu ya pili angeingiza uso kwenye beseni. Achague pete moja tu, ile iliyo rahisi zaidi kukatika, na hiyo ndiyo kazi ya wiki.

Kwa watu wengi pete hiyo ya kwanza ni mwili: usingizi, chakula, ugonjwa usiotibiwa, pombe, kukaa bila mazoezi. Hakuna anayevutiwa na ushauri huu, lakini ukiutii unaweza kuzuia milipuko mingi kabla haijaanza.

Hatua ya 5: Pima ukweli, kisha fanya kinyume

Andika kilichotokea kama kamera ingekirekodi: "Nilipiga mara tatu. Hakupokea. Alifika saa nne." Kila kilichozidi hapo ni tafsiri. Mwendesha boda boda katikati ya foleni ya barabara ya Entebbe hawezi kupokea simu, betri huisha, pia inawezekana kweli yuko kwa mwingine. Kupima ukweli hakumaanishi kujipa moyo kwa uongo. Uliza tu: je, hisia hii, kwa ukali huu, inalingana na ninayoyajua?

Kama hailingani, au inalingana lakini kuitii kutakuharibia, fanya kinyume cha inachokuamuru, na ufanye kwa mwili mzima. Hofu inasema kimbia: sogea karibu, rudia mpaka ipungue. Hasira inasema shambulia: ondoka kwa upole, shusha sauti, legeza taya. Huzuni inasema lala: amka, oga, nenda kwenye kibanda chako hata kwa nusu siku. Aibu inasema jifiche. Asubuhi ya Jumapili yule mama atatamani asionekane na jirani yeyote. Kinyume chake ni kutoka, kusalimia kama kawaida, na kuwaomba watoto msamaha mara moja. Asiombe mara kumi, maana kujishusha kwa namna hiyo ni kuitumikia aibu.

Sikiliza hapa kwa makini. Kama hofu yako inalingana na ukweli, mfano mume anakupiga au kuna mtu anakufuatilia, usifanye kinyume. Hofu hiyo inakulinda, itii. Ondoka, tafuta ulinzi polisi, kwa viongozi wa LC (baraza la mtaa), kwa mashirika yanayohudumia wakimbizi. Hakuna stadi ya kutulia inayopaswa kutumiwa ili mtu avumilie kipigo.

Hatua ya 6: Omba unachotaka bila kuvunja uhusiano

Mpangilio ni huu: eleza yaliyotokea bila matusi, sema ulivyojisikia, omba jambo moja linaloweza kutendeka, onyesha faida yake kwa mwenzako. Chagua saa ambayo ameshakula na watoto wamelala.

"Baba watoto, Jumamosi nilikupigia mara tatu hukupokea, ukafika saa nne. Niliogopa, nikawaza umepata ajali au umetuacha. Naomba siku utakayochelewa unitumie ujumbe hata wa neno moja ukiwa kwenye steji. Nikiupata nitalala kwa amani, na hutanikuta na maneno."

Akikwepa ("wewe nawe una wivu"), usiufuate wivu. Rudia ombi kwa sauti ileile. Akikataa, muulize yeye anaona nini kinawezekana.

Mpangilio huu ulitungwa kwa jamii ambamo kijana humwambia mkubwa mambo usoni. Kwetu, kumkabili mama mkwe au baba mzazi namna hiyo kunaweza kuharibu zaidi. Maoni yangu ni kwamba usibadilishe maneno, badilisha njia: yapitishe kwa shangazi, ambaye Waganda humwita senga, kwa mjomba, au kwa mzee wa kanisa au msikiti anayeheshimika pande zote. Ila umwambie ombi lenyewe ni lipi, lisigeuke kuwa mashtaka ya jumla.

Hatua ya 7: Yasiyobadilika

Kuna maumivu yasiyo na pete ya kukata. Nyumba iliyochomwa Ituri, ndugu aliyepotea njiani, miaka ya kusubiri barua ya kuhamishiwa nchi nyingine. DBT inafundisha kukubali kwa moyo wote, na hakuna stadi inayoeleweka vibaya kama hii. Kukubali hakumaanishi kwamba ilikuwa haki. Hakumaanishi kusamehe, wala kuacha kudai. Ni kuacha kupigana na ukweli kwamba jambo limeshatokea. "Haikupaswa kunipata" ni kauli ya kweli kabisa, lakini mtu anaweza kuishi ndani yake miaka kumi bila kugusa maisha aliyobaki nayo.

Fanya hivi. Kaa, weka mikono juu ya magoti, viganja wazi vikitazama juu, kama mtu anayeomba dua. Legeza uso. Sema kwa sauti ndogo jambo lililotokea, bila kuliongeza wala kulipunguza: "Nyumba yetu haipo. Niko Nakivale." Mwili utakataa, machozi yanaweza kuja, yaache. Kesho utakuta umerudi kulipinga. Geuza tena moyo wako. Watu hugeuza mara nyingi kwa siku moja. Na wewe uliye karibu naye, usimwambie mapema mno kwamba ni mipango ya Mungu. Kauli hiyo ina mahali pake ikitoka kinywani mwake mwenyewe. Ikitoka kwako siku ya kwanza, inamnyamazisha.

Kujipanga na kupata msaada

DBT kamili ina sehemu nne: mazungumzo ya kila wiki na mtoa tiba, kundi la mafunzo ya stadi, kumpigia mtoa tiba simu kuuliza "nitumie stadi gani sasa hivi?", na kikao cha watoa tiba wenyewe kushauriana. Kundi hupitia stadi zote kwa wiki 24, na mara nyingi hurudia ili kutimiza mwaka. Usitegemee kuukuta mpango huo wote katika hospitali yoyote utakayoingia Uganda. Lakini kujifunza kwa kundi si kitu kigeni hapa: tiba nyingine ya kuzungumza, iliyoendeshwa kwa vikundi vijijini Masaka na Rakai, ilipimwa katika utafiti uliochapishwa 2003 na ikapunguza sana sonona.

Watu watano au sita wanaoaminiana wanaweza kukutana mara moja kwa wiki, stadi moja kwa wiki mbili: wiki ya kujifunza, wiki ya kuripoti ilivyokwenda. Siri za kundi zibaki kundini. Mtu asisimulie kwa undani namna alivyojiumiza, kwa sababu masimulizi hayo huamsha hamu kwa wengine. Anayetaka kuyasema ayaseme faraghani kwa mhudumu wa afya.

Kundi halitoshi mtu akiwa anawaza kujiua, anajiumiza, anasikia sauti, au hawezi kuacha pombe. Anza na kituo cha afya cha ngazi ya nne na uombe kuonana na mhudumu wa afya ya akili. Hospitali za rufaa za mikoa kama Arua, Mbarara, Gulu, Mbale na Masaka zina vitengo vya afya ya akili. Kampala kuna Butabika, hospitali ya taifa ya rufaa ya afya ya akili. Kwa mtoto aliye hatarini, simu ya bure ni 116. Wakati mnasubiri usafiri, msimwache mgonjwa peke yake, na dawa za shamba, vidonge na vyenye makali vipelekwe kwa jirani.

Ukifika, usianze kwa kusema "nina mawazo mengi", maana kila mgonjwa kwenye foleni atasema hivyo. Toa daftari lako la wiki moja. Mwonyeshe mhudumu siku zilizofika 5, ulichotamani kufanya, na ulichokijaribu. Kama hazungumzi Kiswahili, omba mkalimani mtu mzima usiyeishi naye nyumba moja, na usikubali mtoto wako atafsiri.